Risasi Iliyobaki Chini ya Ngozi

Mtoto wa dada yangu alifika kwangu Mafinga mwezi wa saba, baridi ya asubuhi bado imelala juu ya bati. Akaniamkia, akapokea chai, na kabla haijapoa akatoa kilichomleta.

"Mjomba, nataka kuomba leseni ya bunduki. Ya kuwindia swala na tandala. Wenzangu wananiambia nichukue 375, ile ya risasi nzito, moja kwa moja, maana hiyo hata nyati anakaa. Wewe unaonaje?"

Sikumjibu papo hapo. Nilikwenda chumbani nikarudi na kikopo kidogo cha mafuta ya mgando, nikamiminia kiganjani mwake kilichokuwamo: kipande cha shaba na madini ya risasi kilichofumuka mbele kama uyoga, nyuma kimebaki mviringo kama kilivyotoka kiwandani. Akakigeuzageuza. Nikamwambia hiyo ni risasi iliyofanya kazi yake vizuri. Ile iliyofanya vibaya sinayo, ilibaki porini Lunda, na habari yake ndiyo jibu la swali lako.

Nami nilianza na 375. Ilikuwa ya baba mdogo. Alikuwa na kazi ya kufukuza nyati na tembo mashambani upande wa Usangu, miaka ambayo bonde lile halijawa Pori la Akiba, seuze kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kama lilivyo tangu 2008. Alipostaafu na macho yake kuanza kuona ukungu, tulikwenda naye polisi, tukapita hatua zote kuanzia serikali ya kijiji na kamati ya ulinzi na usalama, hadi silaha ikahamishiwa jina langu. Nilijiona nimerithi kitu kikubwa, na kweli ni kikubwa. Kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza ilitoa kaliba hiyo, yaani aina ya risasi na upana wa mtutu wake, mwaka 1912 kwa ajili ya wanyama wazito wa Afrika na Asia, na hadi leo ukienda kumwinda nyati hapa kwetu, hiyo ndiyo unaanzia. Kichwa cha risasi yake ya kawaida kina uzito wa greni 300, karibu gramu 19 na nusu. (Greni moja ni kama gramu 0.065. Utaikuta imeandikwa kwenye kila boksi la risasi, kwa hiyo izoee mapema.)

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba bunduki ile inapiga bega karibu mara mbili ya bunduki ya kawaida ya swala. Baba mdogo alikuwa mtu wa kifua, na alipoitumia alikuwa anakimbizwa na nyati au anakimbilia nyati. Bega halikumbukwi wakati huo. Mimi niliifyatua mara ya kwanza nimesimama, nimeishika kizembe, na jioni nilishindwa kuinua ndoo. Risasi zilikuwa ghali, na maumivu nayo yakanipa sababu nyingine ya kutofanya mazoezi. Kwa muda wa miezi mitano kabla ya kwenda porini nadhani nilifyatua risasi saba tu. Nilijidanganya kwamba ukubwa wa bunduki utafidia.

Mwaka 2001 nikapata leseni ya uwindaji wa wenyeji katika Pori Tengefu la Lunda-Mkwambi, pembeni ya hifadhi, upande wa Idodi na Pawaga. Wakati huo vijiji vya kule vilikuwa na mgao wao wa wanyama chini ya mradi wa MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, na fedha walizolipa wawindaji zilirudi kwenye miradi ya vijiji. Leseni yangu iliruhusu swala pala mmoja na tandala mkubwa mmoja, dume. Tuliteremka kutoka kwenye baridi ya Iringa hadi kwenye joto la mibuyu na migunga, mimi, askari wa wanyamapori, na mzee mmoja wa Tungamalenga aliyekuwa msoma nyayo. Mzee huyo alikuwa anatembea na fimbo tu na kandambili za matairi.

Siku ya pili, kama saa mbili asubuhi, tukamkuta tandala. Amesimama ubavu, kivulini, pembe zimejisokota juu ya majani hivi kwamba mwanzoni nilidhani ni matawi. Hatua kama mia na ishirini. Mzee aliweka fimbo yake ardhini nikaegemeza bunduki. Nakumbuka vizuri kila kitu hadi hapo. Nakumbuka mistari myeupe ubavuni mwake. Nakumbuka sikio moja likifukuza nzi. Kisha bunduki ikalia, na kati ya mistari ile na mlio hakuna ninachokikumbuka, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho.

Alikurupuka, mgongo umepinda, akaingia kichakani. Mimi nikataka kukimbia. Mzee akanishika mkono.

"Kaa chini."

"Mzee, nimempata, nimesikia risasi ikimgonga!"

"Nami nimesikia. Imelia kama mtu anapiga ngoma iliyolowa. Kaa."

Tulikaa, lakini dakika kumi tu, kwa sababu nilimsumbua mzee wa watu mpaka akainuka. Hilo ni kosa langu la pili siku hiyo. Pale aliposimama tandala hatukuona damu nyingi. Mzee alichuma jani moja la nyasi, akalisugua kati ya vidole, akaninusisha. Damu ilikuwa nyepesi, rangi imepauka, na ndani yake kulikuwa na vipande vya majani yaliyotafunwa. Harufu ilikuwa ya zizi.

"Tumboni, mwanangu," akasema, na hakusema zaidi.

Mnyama aliyepigwa tumboni ukimwacha saa kadhaa atalala karibu na alipoumia. Ukimfuata mapema anainuka, na kila akiinuka anakwenda mbali zaidi. Tulimwinua mara tatu bila kupata nafasi ya kufyatua tena. Nilikuwa na risasi ngumu, zile za nyati, za shaba mwili mzima, ambazo zimetengenezwa zisifumuke ili zipenye mifupa minene. Kwenye mwili wa tandala zinaingia na kutoka kwa tundu dogo, na kwenye tumbo laini ndiyo kabisa. Kwa hiyo hata damu ya kufuata ilikuwa tone hapa, tone kule, na kufikia saa tisa mzee alikuwa anapiga magoti kutafuta alama moja kwa dakika nzima. Jua likazama. Sheria hairuhusu kuwinda usiku, na askari hakuwa na haja ya kutukumbusha. Tukalala hapo hapo. Usiku tuliwasikia fisi upande ule ule aliokwenda, na sikulala.

Asubuhi tulikuta pembe, fuvu, na majani yaliyolala kwa kukanyagwa. Askari akaandika kwenye leseni yangu kwamba tandala wangu ameshapatikana, na ndivyo inavyopaswa. Mzee akaniuliza swali moja tu tulipokuwa tunarudi kambini.

"Ulikuwa unaangalia wapi wakati bunduki inalia?"

"Sikuwa naangalia, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, kama mganga aliyetajiwa ugonjwa aliokuwa ameshaujua.

Niliporudi nilimweleza baba mdogo bila kuficha. Tulikwenda naye mahali palipoidhinishwa kwa mazoezi ya shabaha, akanigeuzia mgongo, akapakia bunduki, akanipa. Nikafyatua, ikalia. Akaichukua tena, akageuka, akapakia, akanipa. Mara ya tatu nikavuta kifyatulio na hakukuwa na mlio, ila "tik" ya chuma. Alikuwa ameweka ganda tupu. Na mimi niliona kwa macho yangu mwenyewe mtutu ukiinama chini kama jogoo anayedonoa, bila risasi yoyote, bila teke lolote. Mwili wangu ulikuwa umeshajifunza kujikinga na kipigo kabla hakijaja. Baba mdogo aliniambia nilie kidogo kisha tuzungumze, na hakuwa anatania. Alijua nimeumia kwa ajili ya yule mnyama.

Kwanza alinikataza kwenda dukani kuuliza bunduki. Aliniambia niorodheshe wanyama ambao leseni itaniruhusu kwa miaka kumi ijayo, kisha nitafute risasi inayowatosha na ambayo bega langu linaikubali, kisha nihakikishe risasi hiyo inapatikana Iringa au Mbeya mwaka mzima. Bunduki ni chombo cha kuipeleka risasi hiyo tu, alisema, nayo itajichagua yenyewe.

Basi nikaorodhesha. Pongo wa kilo arobaini hadi themanini. Swala pala dume, hamsini hadi sabini na kitu. Tohe katikati hapo. Tandala mkubwa dume, mia mbili hadi mia tatu. Pofu, siku Mungu akijalia, ambaye dume lake linaweza kupita kilo mia saba. Nyati sikumwandika. Nilikubali moyoni kwamba mimi si mwindaji wa nyati, na siku nilipokubali hivyo sababu ya 375 ikafa.

Rafiki yangu wa Mbeya alikuwa na .243, kaliba iliyotolewa na Winchester mwaka 1955. Alinipa nafasi ya kuiona ikifanya kazi mbele yake, na sijaona bunduki ya porini iliyo laini namna ile. Greni 100, karibu gramu 6 na nusu, inakwenda kasi ya mita 900 kwa sekunde, na bega halijui. Kwa swala pala na pongo sikuwa na neno. Kwa tandala dume aliyekaa ubavu mzuri, mpigaji mtulivu atamaliza kazi. Lakini mnyama akigeuka kidogo, bega likaingia katikati, risasi nyepesi inaanza kuwa na mashaka, na mimi mashaka nilikuwa nimeshayashiba. .270 ya mwaka 1925 ilinivutia sana. .308 ya mwaka 1952 pia. Nayo na 30-06 ni kama ndugu wa tumbo moja, na kwa umbali tunaowindia sisi hakuna tandala atakayejua ni ipi iliyompata.

Nilichukua 30-06. Tarakimu hizo mbili za mwisho ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. 30 ni upana wa mtutu kwa sehemu za mia za inchi. Nilipoulizia madukani, ndiyo risasi ambayo kila mmoja aliniambia haikosekani kwake. Risasi hapa kwetu hununui kama misumari: kuna leseni, kuna kuandikishwa, kuna kiasi. Ukiwa na kaliba ya ajabu inayoletwa kwa oda, utafika msimu una risasi nne mkononi na hutathubutu kufyatua hata moja kwa mazoezi. Utarudi kule kule nilikokuwa mimi.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya bolti, ile ya kukokwa kwa mkono kila risasi, ya mtumba lakini mtutu safi. Niliijaribu kwa namna ambayo nawasihi wote waifanye: fumba macho, ipandishe begani kama unavyojisikia, lala shavu kwenye kitako, kisha fumbua. Kama jicho halijakaa katikati ya darubini ya kulengea, bunduki hiyo haijashonwa kwa mwili wako. Mimi nina mikono mifupi. Ilibidi fundi wa silaha mwenye leseni apunguze kitako upana wa kidole kimoja, na tofauti niliyoiona baada ya hapo ilinishangaza, mimi ambaye maisha yangu yote nimefanya kazi ya mbao na kupima kwa vidole.

Nikadhani nimemaliza. Msimu uliofuata nilimpiga swala pala bega kwa risasi ya greni 150, laini, ya kasi, niliyoinunua kwa sababu ndiyo iliyokuwa bei nafuu wiki ile. Alianguka pale pale, na nilimshukuru Mungu. Lakini tulipomchuna, bega lote lilikuwa limegeuka damu iliyoganda, mifupa imesagika ndani ya nyama, na weusi ule umetambaa hadi shingoni. Mzee wa Tungamalenga alikata pole pole akitafuta mahali pa kuokoa. Tulitupa karibu bega zima. Kwa mtu aliyelipia leseni, mafuta ya gari na siku nne za kazi, lile si jambo dogo, na kwa mnyama aliyetoa uhai wake ni dharau.

Kumbe risasi nazo zina tabia zake, hata zikitoka kwenye kaliba moja. Kuna ngumu isiyofumuka, ambayo nimeeleza ilivyonifanya. Kuna laini na nyepesi, inayofumuka mapema na kusambaratika. Na kuna laini iliyofungwa vizuri, ambayo shaba ya nje imeungana na madini ya risasi ya ndani, inafumuka mbele halafu inaendelea kupenya ikiwa kitu kimoja. Hiyo ya tatu, kwa greni 180, karibu gramu 11.7, ndiyo niliyoichagua na sijaiacha. Ni nzito kidogo kuliko swala pala anavyohitaji. Lakini haikimbii kasi ya kusaga nyama, nayo inamtosha tandala.

Kosa jingine lilikuwa la kuchanganya maboksi. Nilikuwa na masalia ya 150 na boksi jipya la 180, nikaenda kuweka darubini sawa. Niliegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, karatasi ipo mita mia, nikafyatua sita. Karatasi ilinionyesha makundi mawili, moja juu, jingine chini yake kwa upana wa vidole vitatu. Nikaanza kulaumu darubini, nikaanza kuzungusha vitufe. Nilipoteza risasi tano zaidi kabla sijainama kuokota maganda na kusoma maandishi ya kila kichwa. Tangu siku hiyo natumia aina moja, uzito mmoja, na nikibadilisha boksi la kiwanda kingine naanza karatasi upya. Risasi zangu za 180 naziweka zigonge sentimita tano juu kwa mita mia. Kwa mita mia mbili zinarudi kwenye alama, na zaidi ya hapo sipigi. Wapo wanaopiga mita mia tatu na wanaweza. Mimi siwezi kila siku, na mnyama anakutana na mimi siku ile ambayo siwezi.

Baada ya safari ndefu ya gari pia ninahakikisha. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inalegeza skrubu za darubini kimya kimya. Niliwahi kufika kambini nikakuta moja inazunguka kwa kucha.

Mazoezi mengi niliyafanya nyumbani, bunduki tupu, nimekagua chemba, tundu inamokaa risasi, mara mbili kwa jicho na kwa kidole, risasi zimefungiwa chumba kingine. Naweka sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu, karibu na mdomo wake, nalenga alama ukutani, navuta kifyatulio taratibu kana kwamba sitaki ilie. Sarafu ikidondoka, nimejikunja. Ilinichukua miezi miwili kabla haijakaa mara kumi mfululizo.

Tandala wa pili nilimpata mwaka 2003, pande zile zile, na mzee yule yule. Alikuwa ubavu, ameinamisha kichwa. Nilipandisha shabaha kufuata mguu wa mbele hadi theluthi ya kwanza ya kifua, nikasogea nyuma ya kiwiko kidogo, na safari hii niliona. Niliona manyoya yakiruka pale pale nilipokuwa natazama. Alikimbia kama hatua arobaini. Mzee hakunishika mkono, maana nilikuwa nimeshakaa chini mwenyewe. Tulikaa nusu saa, tukala karanga. Damu ilikuwa nyekundu ya kung'aa yenye mapovu, ya mapafu, na mtoto mdogo angeweza kuifuata.

Wakati wa kuchuna, upande wa pili, mzee alisikia kitu kigumu chini ya ngozi. Akapasua kwa ncha ya kisu na kunidondoshea mkononi, bado ni ya moto. Nilipofika Iringa mjini niliipeleka kwa sonara, akaiweka kwenye mizani yake ya dhahabu. Gramu 10.2. Iliingia ikiwa 11.7, ikapita mbavu, mapafu na mbavu tena, na ilichopoteza ni gramu moja na nusu. Hiyo ndiyo iliyo mkononi mwako sasa, nikamwambia mpwa wangu.

Alikaa kimya muda. Halafu akaniuliza kama bado nina leseni ya ile 375. Nikamwambia niliirudisha kwa taratibu hizo hizo, na kwamba kabla ya kuomba yeye aulizie kwanza TAWA, mamlaka ya wanyamapori, uwindaji wa wenyeji umefunguliwa wapi na kwa wanyama gani, kwa maana karatasi ya wanyama ndiyo mwanzo wa hesabu yote. Nikatoa bunduki kabatini, nikafungua bolti, nikamwonyesha chemba, naye akaingiza kidole kuhakikisha. Nikamwekea sarafu juu ya mtutu.

Alilenga kalenda iliyo ukutani, akavuta. Sarafu ikagonga sakafu na kubingirika hadi chini ya kiti.

Hakusema kitu. Aliinama, akaiokota, akaipangusa vumbi kwenye suruali na kuirudisha juu ya mtutu.